Kosa la Moraa, Kimya cha Ombati

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Herbert alitoka kuwasha gari na kulipoza kabla watoto hawajaingia. Villa waliyokaa pale Muaither, mjini Doha, ilikuwa imegawanywa vipande vipande, kila familia na mlango wake. Herbert, ambaye kazi yake ilikuwa udereva, aliishi chini na mkewe Miriam na binti yao Milka Cherotich. Juu yao aliishi Edith, muuguzi, pamoja na binti yake Terry. Melissa na wazazi wake walikuwa upande wa nyuma. Wasichana hao watatu, wote wa miaka kumi na mitatu, walipanda gari la Herbert kwenda mtaa wa Abu Hamour, ambako wazazi kutoka Kenya walikuwa wamekodi chumba ili watoto wao wafundishwe Kiswahili siku ya mapumziko.

Safari yenyewe haikuwa ya furaha. Milka alikaa mbele na baba yake, Terry na Melissa wakakaa nyuma. Terry alikuwa amezaliwa Doha na Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha. Milka alikuwa ametoka Eldoret kwa bibi yake, akawafuata wazazi wake Doha miaka miwili tu iliyopita, na hakuacha kumkumbusha mwenzake jambo hilo.

"Si 'kitabu yangu'," Milka alisema siku moja bila kugeuka. "Ni 'kitabu changu'. Kwetu hata watoto wa chekechea wanajua."

"Hakuna aliyekuuliza," Terry alijibu.

"Ndiyo maana nimekusaidia bila kuulizwa."

Herbert aliongeza sauti ya redio. Alikuwa amezoea.

Mwalimu wao aliitwa Athanas. Siku za kazi alitengeneza kompyuta hospitalini, na Jumamosi alishika chaki. Muhula huo walikuwa wakisoma riwaya iitwayo Boma la Mzee Nyakundi, hadithi ndefu ya vizazi vitatu vya ukoo mmoja katika milima ya Kisii. Nakala zilikuwa chache. Zilifika Doha ndani ya masanduku ya watu waliotoka likizo, kwa hiyo kila wanafunzi wawili walipewa moja. Mwalimu aliwapanga mwenyewe, na hakujali nani amekunja uso. Terry akajikuta amepangwa na Milka.

"Makori ndiye mhusika mkuu, na huyo kila mtu atamwona," Mwalimu Athanas alisema. "Mimi nataka mnilinganishie wahusika wasaidizi wawili, Shangazi Moraa na Mjomba Ombati. Kila mmoja amefanya kazi gani katika hadithi? Ni nani kati yao aliyelivunja boma? Watakaoeleza vizuri watatuwakilisha kwenye sherehe ya Kiswahili ya jumuiya yetu."

Milka alikisoma kitabu kwanza, akakimaliza upesi. Alimkabidhi Terry ngazini kikiwa kimevikwa jalada la gazeti.

"Usikunje kurasa," alimwambia. "Na kama ni kigumu sana, sema mapema, nitafute mtu wa maana wa kufanya naye kazi."

Terry alisoma sura chache za mwanzo kwa hasira, kisha hasira ikaisha na uvivu ukachukua nafasi yake. Maneno mengi hakuyajua, na kila neno asilolijua alilisikia kwa sauti ya Milka. Jioni moja alitoka nacho uani, akakaa kwenye benchi chini ya ukuta, kitabu pembeni na simu mkononi. Mama yake alipomwita kula, alichukua simu akakiacha kitabu. Juu ya benchi hilo kulikuwa na mashine ya kiyoyozi cha kina Melissa, na maji yake yalidondoka mpaka kulipokucha.

Asubuhi kitabu kilikuwa kimevimba kama mkate uliochovywa chai. Terry alijaribu kukikausha kwa kikaushio cha nywele. Kurasa zilikuwa zimeshikana, na alipozibandua zilichanika. Nusu ya mwisho haikusomeka.

Angeweza kumwambia mama yake. Edith angegomba, kisha wangetafuta njia ya kupata nakala nyingine. Lakini Terry hakumwogopa mama yake, wala hakumwogopa Mwalimu Athanas. Alichoogopa ni uso wa Milka atakapojua, ule uso wa mtu aliyesema tangu mwanzo kwamba hufai kitu.

Jumamosi ilipofika, Milka aliuweka mkoba wake kwenye kiti cha nyuma, akakimbilia ndani kuchukua chupa ya maji. Herbert alikuwa akifuta vumbi kwenye kioo cha mbele. Terry alifungua zipu ya mkoba ule, akakisukuma kitabu katikati ya daftari, akafunga.

Melissa, aliyekaa karibu naye, aliona yote. "Unafanya nini?" alinong'ona.

"Nyamaza. Wewe ni rafiki yangu ama rafiki yake?"

Melissa aligeukia dirisha. Milka aliporudi, hakuna aliyesema neno.

Darasani, Mwalimu Athanas alitaka kuona nakala zote.

"Chetu anacho Terry," Milka alisema.

"Nilikurudishia Alhamisi," Terry alijibu. "Angalia mkobani." Sauti yake ilitulia kiasi cha kumshangaza yeye mwenyewe.

Milka alifungua mkoba akiwa tayari kucheka. Mkono wake ulipotoka na kile kitabu kilichovimba, wino wa gazeti umekipaka weusi, kicheko kiliishia kooni. Darasa zima lilitazama.

"Ameniwekea," alisema. "Mwalimu, huyu ameniwekea. Sijakiona kitabu hiki tangu siku niliyompa."

"Kitabu kiko mkobani mwako, halafu mimi ndiye nimekiharibu?" Terry aliuliza. Wanafunzi wawili watatu waliguna.

Mwalimu alikipokea kitabu, akakigeuzageuza. "Melissa, nyinyi mmekuja gari moja. Unajua lolote?"

Melissa alitazama meza. "Sijui, Mwalimu."

Hapo Milka alisimama. Alimwita Terry nyoka. Alimwita mwongo, mjinga asiyejua hata lugha ya kwao, na mengine ambayo Mwalimu Athanas hakumwacha ayamalize.

"Toka nje utulie," alimwambia. "Ukweli wa jambo hili bado sijaujua. Lakini kitabu kimetoka mkobani mwako, na umemtukana mwenzako mbele yangu. Hutazungumza kwenye zoezi letu mpaka tujue." Kisha akampa Terry nakala yake mwenyewe. "Wewe malizia kusoma. Jumamosi ijayo utasimama peke yako."

Jioni ile ile Herbert alipanda ngazi akabisha hodi. Edith alifungua akiwa amevaa sare, anajiandaa kwenda zamu.

"Mama Terry," Herbert alisema, "Milka ana mdomo, hilo nalijua. Lakini uongo si tabia yake. Naomba umwulize binti yako vizuri."

"Una maana mwongo ni wangu?"

"Nimesema umwulize."

"Terry, njoo hapa." Edith alimshika bega, akamgeuza amtazame. "Kitabu ulimrudishia Milka ama hukumrudishia?"

Herbert alikuwa akimtazama. Mama yake alikuwa akimtazama. Terry alisema, "Nilimrudishia."

"Umesikia, Baba Milka. Mtoto huyu nimemlea mwenyewe na ninamjua. Usinipandie ngazi tena kuniletea kesi za watoto."

"Sawa," Herbert alisema. "Na kuanzia leo atafutiwe gari lingine."

Tangu siku hiyo villa iligeuka kambi mbili. Miriam, mama yake Milka, aliondoa nguo zake kwenye kamba waliyokuwa wakianikia pamoja, akafunga kamba yake upande wa pili wa paa. Edith alipotoka kazini alipita mlango wa chini bila salamu, na mlango wa chini ulifungwa kwa kishindo aliposikika akipita. Watoto nao waliwafuata wakubwa. Terry alipokutana na Milka ngazini, Milka aligandamana na ukuta kama aliyekutana na taka.

"Nyoka apite," alisema.

"Mwenye mkoba ndiye mwenye mzigo," Terry alimjibu. Alijua anachokisema, na alikisema hata hivyo.

Habari zilifika kwenye kundi la simu la wanafunzi. Mmoja aliandika kwamba vitabu vifichwe, Milka anakuja. Wengine wakaweka vicheko. Terry alisoma ujumbe huo mara nyingi, akingoja kufurahi. Hakufurahi.

Katikati ya wiki, Edith alirudi kazini akaketi jikoni bila kuvua viatu.

"Unaumwa, Mama?"

"Siumwi. Nimemwona Mama Milka pale bakala nikinunua maziwa. Tumesimama mstari mmoja kama watu wasiojuana. Mwaka ule nilipolazwa, ukiwa bado mdogo, ni yeye aliyekulisha na kukuogesha. Aliniletea uji mpaka wodini. Lakini mtu akimwita mwanangu mwongo, nitafanyaje? Ni lazima nisimame na wewe."

Terry alikwenda chumbani akafungua riwaya, kwa kuwa hakujua aende wapi kwingine.

Alisoma sura ya moto. Shangazi Moraa anaangusha taa, nyumba ya Mzee Nyakundi inateketea, naye anamwambia mzee kwamba ni Makori aliyekuwa akivuta sigara ndani. Makori anafukuzwa nyumbani akiwa na shati moja. Mjomba Ombati alikuwa zizini usiku ule na aliiona taa ikianguka. Anaulizwa. Anasema yeye alikuwa na ng'ombe tu. Baada ya hapo ndugu wanagawana mashamba kwa mapanga, mama yake Makori anakufa akimlilia mwanawe, na watoto wanaozaliwa wanakatazwa kusalimiana bila kujua sababu. Moraa hatajwi sana katika sura hizo. Anapita na kikapu, anateka maji, anaimba kanisani. Lakini Terry alimwona katika kila ukurasa. Maneno yalikuwa magumu vilevile, ila safari hii aliyatafuta moja moja mpaka akayaelewa.

Siku ya Ijumaa Melissa alimkuta langoni. Wiki nzima walikuwa wamekwepana.

"Nimefika kwenye moto," Melissa alisema. "Mimi ndiye Ombati."

"Hiyo ni hadithi tu."

"Kesho nitasema, Terry. Nimekungoja useme wewe, naona husemi. Ukinitangulia, itakuwa heri kwako."

"Ukisema, urafiki wetu umekwisha."

"Basi umekwisha," Melissa alijibu. "Mimi siwezi kumwona Milka akitembea vile, kichwa chini. Simpendi, lakini siwezi."

Jumamosi hiyo Edith alitoka zamu moja kwa moja, akampeleka Terry Abu Hamour kwa teksi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Aliketi nyuma ya darasa. Herbert naye hakuondoka kama kawaida yake. Alisimama karibu na mlango, mikono kifuani, kwa sababu hakutaka kumwacha binti yake peke yake katika chumba kile. Edith na Herbert hawakutazamana.

Mwalimu Athanas alimwita Terry mbele.

"Shangazi Moraa ana kazi ndogo katika riwaya," Terry alianza. Sauti yake ilikwaruza. "Anaonekana mara chache. Lakini yeye ndiye anayeisukuma hadithi. Bila neno lake moja, Makori hafukuzwi."

"Na Ombati?"

"Ombati anaufanya uongo wa Moraa uendelee kuishi. Kama angesema, ungekufa siku ile ile. Watu wengi watasema Ombati ndiye mbaya zaidi, kwa sababu aliona. Mimi sikubali. Moraa alijua kwamba Ombati ameona. Alimwacha abebe kitu kisicho chake."

Mwalimu aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Pembeni, Melissa alikuwa ameanza kuinua mkono.

"Melissa, ngoja," Terry alisema. "Niache niseme mimi." Alitazama sakafu, kisha akajilazimisha kutazama mbele. "Kitabu nilikilowesha mimi. Nilikiacha kwenye benchi, maji ya kiyoyozi yakakiharibu. Nikakitia kwenye mkoba wa Milka asubuhi ile tukiwa garini. Milka hakujua. Melissa aliniona, nikamwambia anyamaze."

Edith alisimama polepole nyuma ya darasa.

"Nilikuuliza mbele ya Baba Milka," alisema. "Nilikushika bega nikakuuliza."

"Ndiyo, Mama."

Edith hakumwendea Terry. Alitembea mpaka mlangoni, akasimama mbele ya Herbert, watoto wote wakiona. "Baba Milka, nilikufukuza mlangoni kwangu, na wewe ndiye uliyekuwa na haki. Naomba unisamehe." Terry hakuwa amewahi kumwona mama yake akiinamisha kichwa mbele ya mtu. Kati ya yote yaliyotokea, hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Nimekusikia, Mama Terry," Herbert alisema. Hakutabasamu. "Lakini aliyeumizwa ni yule pale."

Terry alimgeukia Milka. "Nisamehe."

"Sitaki," Milka alisema. "Wiki nzima mmenicheka. Wewe ulisoma yote ukanyamaza. Leo unasema kwa sababu Melissa alikuwa anataka kusema."

"Ni kweli," Terry alisema.

Mwalimu Athanas aliwanyamazisha waliokuwa wameanza kunong'ona. "Milka, nami nimekukosea. Matusi yako yalistahili adhabu, ila zoezi hukustahili kunyang'anywa. Simama. Ni nani aliyelivunja boma?"

Milka alisimama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Ni Moraa. Si kwa sababu ya usiku wa moto. Usiku ule aliogopa, na mtu yeyote anaweza kuogopa. Ni kwa sababu ya siku zilizofuata. Kila asubuhi aliamka akiwa na nafasi ya kusema. Aliteka maji, akaimba, akala na ndugu zake, na kila asubuhi alichagua upya. Ombati naye alichagua. Lakini Moraa ndiye aliyekuwa na ufunguo." Aliketi.

Mwalimu akasema kwamba Milka ndiye atakayewakilisha darasa. Terry atanakili kwa mkono, kutoka kwenye nakala ya mwalimu, sura zote zilizoharibika, kwa mwandiko safi, ili watakaofuata wapate kuzisoma. Na kabla ya kuondoka siku hiyo, wote walioandika vicheko kwenye kundi watamwomba Milka radhi ana kwa ana.

Edith na Terry walirudi Muaither kwa teksi. Walipofika, Edith aliketi kitandani.

"Kitabu hununuliwa kingine," alisema. "Jina langu nililoliweka juu ya neno lako, hilo sijui nitalinunua wapi. Nikikwambia sijakasirika nitakudanganya. Nenda chini. Huko kuna mtu ambaye bado hajaombwa msamaha."

Terry aliteremka. Milka ndiye aliyefungua mlango. Walitazamana.

"Nimekuja kumwona mama yako."

Milka alifikiri. "Vua viatu," alisema, akaondoka mlangoni.

Miriam alikuwa akikunja nguo. Aliendelea kukunja Terry alipokuwa akieleza, tangu benchi mpaka ngazini, na hakumsaidia hata pale maneno yalipomkwama. Alipomaliza, Miriam aliweka shati alilolishika juu ya mengine.

"Nilikuosha wewe kama wangu," alisema. "Wiki hii nilikuwa nakuona ukipita, najiambia nilimlea nani yule. Nimekuwa nikimchukia mama yako. Mama yako, ambaye hajanifanyia kitu. Unaona uongo wako ulikofika? Ulitoka kwenye kitabu kimoja, ukapita kwa Melissa, ukapita kwa mama yako, ukaja mpaka huku ndani kwangu, na hatukujua sote kwamba tunaubeba."

"Nimekosa, Mama Milka."

"Umekosa. Na umesema, ingawa umechelewa. Ungesema siku ile kilipolowa, ungegombezwa na mtu mmoja, na jioni ingekuwa imekwisha. Kosa likikaa bila kusemwa halibaki lilivyokuwa, mwanangu. Linazaa. Siku nyingine ukikosea, uliseme likiwa bado dogo, kabla halijapata watoto."

Terry aliitikia kwa kichwa. Mezani, Milka alikuwa amefungua daftari lake la zoezi na hakuinua uso.

"Hizo sura utakazonakili," alisema, akiendelea kuandika, "ukimaliza uniletee nizikague. Sijakusamehe. Lakini sitaki mtu asome makosa ya sarufi halafu aseme kitabu kilikuwa chetu sote wawili."

"Nitakuletea," Terry alisema.

Miriam alimsogezea rundo la nguo ambazo hazijakunjwa. Terry akapiga magoti kwenye zulia, akachukua shati la juu, akaanza kukunja.